Kabla hujalipia kozi ya CCNA, uliza haya

Malalamiko yanayoletwa kwenye dawati letu la mitihani yanafanana: kijana amelipa ada, amehudhuria darasa la mitandao ya kompyuta hadi mwisho, amekabidhiwa cheti chenye herufi CCNA, kisha mwajiri amekikataa. Mara nyingi mwajiri hajakosea. Cheti kile ni cha kuhitimu mafunzo. CCNA yenyewe, cheti cha ujuzi wa mitandao ya kompyuta, hutolewa na Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao, kwa mtu aliyefaulu mtihani namba 200-301 unaosimamiwa na Pearson VUE, kampuni ya kusimamia mitihani. Tumelieleza hili mara nyingi na tutaendelea kulieleza: hakuna "CCNA ya chuo". Usajili wa NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi Tanzania, unathibitisha kuwa chuo kinatambulika nchini. Haukipi mamlaka ya kutoa cheti cha Cisco.

Kwa hiyo anza kwa kuuliza kama ada inajumuisha mtihani. Mtihani ni dola 300 za Marekani kabla ya kodi, basi kozi nzima ikitangazwa kwa chini ya hapo, ichukulie kwamba mtihani haumo mpaka uoneshwe kwa maandishi. Ukiahidiwa vocha (namba ya kulipia mtihani), omba tarehe ya mwisho ya kuitumia iandikwe kwenye risiti.

Chuo kikijitambulisha kuwa akademi ya Cisco, tafuta jina lake kwenye tovuti ya netacad.com. Programu ya akademi ina kozi tatu, kila moja takriban saa 70, yaani saa 210 kwa jumla. Linganisha na unachouziwa. Wiki mbili za saa nane kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, ni saa 80. Ni kweli Cisco nao wana kozi ya darasani ya siku tano pamoja na siku tatu za kujisomea, lakini siku hizo ni chache kwa mtu asiyewahi kushika ruta na swichi, vifaa vya kuunganisha mitandao. Anayeanza hatoki hapo na uwezo wa kufaulu, na si kwa sababu ya uvivu.

Omba muhtasari wa masomo na uulinganishe na mada za mtihani zilizo kwenye tovuti ya Cisco. Toleo 1.1 limetumika tangu Agosti 2024. Uelekezaji wa IP (kupeleka data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine) una asilimia 25, misingi ya mitandao 20, swichi na mitandao isiyo na waya 20, usalama 15, huduma za IP 10, na uendeshaji wa mtandao kwa programu 10. Ukikuta wiki nzima ya RIP au Frame Relay, teknolojia ambazo hazimo tena kwenye mada, muhtasari huo ni wa zamani. Ukikuta OSPF ya eneo moja (itifaki ya ruta kutafuta njia), JSON (muundo wa kuandika data), Ansible na Terraform (zana za kusanidi mitambo kwa programu), mwandaaji amesoma mada za sasa.

Maabara ndiyo inayotenganisha kozi na kozi. Wanafunzi 30 kwenye ruta mbili wataishia kutazama. Programu ya Packet Tracer, inayoiga ruta na swichi kwenye kompyuta, ni ya bure na inatosha kwa mazoezi mengi ya ngazi hii, kwa hiyo usikidharau chuo kisicho na kabati la vifaa. Kidharau kile ambacho mwanafunzi haruhusiwi kuharibu kitu na kukitengeneza. Mfano mmoja: tranki (kiungo cha swichi kinachoweza kubeba VLAN nyingi, yaani mitandao iliyotengwa ndani ya swichi) inapitisha VLAN 10, mwanafunzi anataka kuongeza VLAN 20, anaandika switchport trunk allowed vlan 20. Amesahau neno add kabla ya namba. Orodha nzima imebadilishwa, VLAN 10 imekatika, na ofisi nzima haina mtandao. Mwalimu mzuri humwacha akosee hivyo maabara, kisha humtaka aione hitilafu kwa show interfaces trunk. Omba kuhudhuria kipindi kimoja kabla ya kulipa. Chuo kikikataa, hilo nalo ni jibu.

Sasa taratibu, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Fungua akaunti ya mtihani mwenyewe, kwa baruapepe yako, wala usimwachie karani wa chuo. Majina yafanane na ya kitambulisho utakachobeba, herufi kwa herufi. Yakitofautiana unaweza kuzuiwa mlangoni na ada isirudi. Kuahirisha mtihani wa kituoni kufanyike angalau saa 24 kabla. Asiyetokea hupoteza ada yote. Mtihani ni dakika 120, na swali ulilokwisha kulijibu hulirudii. Ukishindwa, unasubiri siku tano za kalenda, zikihesabiwa kuanzia siku inayofuata mtihani, na unalipa upya.

Chuo kinachokuuzia "maswali halisi ya mtihani" ukimbie. Kabla ya kuanza mtihani unakubali masharti ya usiri, na Cisco wanaweza kufuta matokeo, kukunyang'anya vyeti ulivyonavyo na kukufungia mitihani yao. Adhabu humfika mtahiniwa hata kama aliyemuuzia ni mwalimu wake.

Uliza pia chuo kitakusaidiaje baada ya kufaulu. Cheti hudumu miaka mitatu, na huhuishwa kwa kufaulu mtihani mwingine unaokubalika au kukusanya alama 30 za elimu endelevu kabla muda haujaisha. Kikiisha kabla hujakihuisha, unarudi kwenye mtihani wa 200-301 na kuulipia kama mtahiniwa mpya.