Barua ya siku 60: nyumba yako ikiwa rehani hapa Kigoma

Mama mmoja wa Kibirizi alifika ofisini kwetu na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. Aliikuta chini ya godoro siku alipolitoa nje kulianika. Mumewe, mwenye vipe viwili, yaani vyombo vya uvuvi, na injini aliyoinunua kwa mkopo, alikuwa ameificha akitumaini giza la mwezi unaofuata lingeleta dagaa wa kutosha kuwanyamazisha wanaomdai. Ndani mlikuwa na notisi ya benki: alipe deni ndani ya siku 60, la sivyo nyumba inaweza kuuzwa. Tuliihesabu tarehe ya barua kwenye kalenda ya ukutani. Siku hiyo ilikuwa ya 47. Zilibaki 13.

Katika kazi hii ya msaada wa kisheria nimeona nyumba nyingi zikienda mnadani, na nyingi hazikwenda kwa sababu mwenye nyumba hakuwa na haki yoyote. Zilikwenda kwa sababu barua ilikaa chini ya godoro.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, aliyeshika rehani haruhusiwi kuigusa nyumba kabla ya kumpa mkopaji notisi ya maandishi inayoeleza kosa lake na kiasi anachodaiwa. Zamani notisi hiyo ilikuwa ya siku 90. Marekebisho ya mwaka 2008 yaliyolenga mikopo ya nyumba yaliipunguza hadi 60. Simu ya afisa mikopo saa mbili usiku si notisi. Kijana wa dalali anayekuja kuandika kwa rangi nyekundu ukutani kwako, naye si notisi. Kama umepigwa rangi bila kupewa barua, hiyo ni hoja ya kwanza ya kumpa mwanasheria wako.

Barua ikifika, andika nyuma yake tarehe uliyoipokea na jina la aliyekuletea. Kisha fanya jambo ambalo wengi wanalikwepa kwa aibu: nenda benki. Nenda na barua, usiende na maneno matupu. Eleza kilichotokea, unaweza kulipa kiasi gani na kwa tarehe zipi, uombe marejesho yapangwe upya. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mvuvi wa Ziwa Tanganyika ana hoja ambazo mfanyabiashara wa duka hana. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kila mtu alijua kwamba mialoni, samaki wanakoshushwa, hakuna kitu, na afisa mikopo naye alijua. Hata ziwa likiwa wazi, mbalamwezi inapowaka dagaa hawafuati taa, lakini ratiba ya benki inadai tarehe 5 ya kila mwezi. Sijui kwa nini wavuvi wetu wanasaini ratiba hizo bila kuuliza. Unaruhusiwa kuomba tarehe inayofuata giza, na ukiomba kabla hujachelewa hata mara moja utasikilizwa vizuri zaidi.

Benki hailazimiki kukubali. Mara nyingi inakubali, kwa kuwa mnada nao ni gharama na kelele.

Ikikataa, kuna njia ambayo mimi huipenda kuliko kesi: uiuze nyumba wewe mwenyewe, kwa idhini ya benki. Mnunuzi analipa benki, benki inafuta rehani na kuachia hati, kinachobaki ni chako. Kiwanja cha Mwanga au Gungu ukikiuza kwa utulivu unapata bei yake. Kikiuzwa chini ya nyundo ya dalali, wanunuzi wanafika wakiwa wameshakubaliana chini ya mti.

Turudi kwa mama wa Kibirizi. Alituambia, “Mwanangu, mimi sikusaini popote.” Tukaomba benki nakala ya mkataba. Fomu ya ridhaa ya mwenza ilikuwepo, imejazwa, ina picha na dole gumba. Lakini picha ilikuwa ya mke mwenzake anayeishi Kasulu.

Hapo sheria iko wazi. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke au mume, na kama wake ni zaidi ya mmoja, inatakiwa ridhaa ya wale wanaoishi katika nyumba hiyo. Aliyesaini hakuwahi kulala hapo hata usiku mmoja. Mkopaji ana wajibu wa kusema kama ana mwenza, na mkopeshaji ana wajibu wa kufanya uchunguzi wa kuridhisha. Kudanganya kwa makusudi kuhusu ndoa ili upate mkopo ni kosa la jinai, jambo ambalo waume wengi hulisikia kwa mara ya kwanza mbele yetu na kunyamaza. Nakuonya lakini: mkopaji akiapa kwa hati ya kiapo kwamba hana mke, benki inapata ngao nzuri, na mke atakuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba walijua. Ndiyo maana tunawahimiza wake, hata wenye ndoa tulivu, waende ofisi ya ardhi kuweka zuio, yaani tahadhari ya maandishi kwamba nao wana haki, kwenye nyumba wanayoishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inawapa haki hiyo. Ni karatasi tu, lakini mtu hawezi kuirukia kimyakimya.

Kosa la ridhaa linaweza kuitoa nyumba kwenye rehani. Halifuti deni. Mama huyu alisikitika kidogo nilipomwambia hivyo.

Kama mazungumzo yameshindikana na una sababu ya kweli, kama vile notisi kutotolewa, ridhaa kughushiwa au hesabu ya deni kukosewa, unafungua shauri na kuomba zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha mnada wakati shauri likisikilizwa. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linasikiliza migogoro ya nyumba na ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Utatakiwa kuonyesha mambo matatu: una hoja ya msingi ya kusikilizwa, utapata hasara isiyofidika kwa pesa, na wewe utaumia zaidi zuio likikataliwa kuliko benki itakavyoumia likitolewa. Kusema “sina hela kwa sasa” si hoja ya msingi. Kesi za kununua muda zinalipiwa na mkopaji mwenyewe, riba ikiendelea kupanda na gharama za mawakili zikiongezwa juu ya deni. Kuna mtego mwingine: kama serikali ndiyo mwenye hisa nyingi katika benki hiyo, lazima kwanza uipe notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki. Siku 90 haziingii ndani ya 60. Mahakama Kuu inaweza kutoa zuio wakati ukisubiri notisi iishe, ila hapo wakili hakwepeki.

Mnada nao una taratibu. Sheria ya madalali inataka tangazo la angalau siku 14 kabla ya kuuza ardhi, litolewe katika mji mkuu wa wilaya na pia pale mnada utakapofanyika, tena kwa Kiswahili. Sheria hiyo ni ya zamani kiasi kwamba bado inataja kupiga ngoma ili wasiosoma nao wapate habari. Sijawahi kuisikia ngoma hiyo Ujiji, lakini tangazo lisipobandikwa, piga picha ukuta mtupu. Kabla nyundo haijagongwa unaweza kulipa deni lote pamoja na gharama na kuikomboa nyumba yako. Baada ya hapo mambo hugeuka. Mnunuzi aliyenunua kwa nia njema analindwa, na wewe unabaki kudai fidia kwa aliyeuza. Mkopeshaji anatakiwa kutafuta bei bora inayopatikana. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba amevunja wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Na pesa ikizidi deni na gharama, chenji ni yako. Idai kwa maandishi.

Yote hayo yanahusu rehani halisi. Wanaokuja wengi siku hizi wana jambo jingine: mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kali. Mtu amekopa laki tano, akaacha karatasi ya kununulia kiwanja yenye muhuri wa serikali ya mtaa, na akasainishwa “mkataba wa mauziano” usiotaja mkopo hata kidogo. Siku ya kushindwa kulipa, mkopeshaji anakuja na mkataba huo akisema aliuziwa. Usihame. Aliyekopesha bila kusajili rehani hana mamlaka ya kujichukulia nyumba wala kukutoa kwa mabaunsa. Aende mahakamani, na huko utaeleza kwamba ulikuwa mkopo: leta miamala ya simu ya marejesho, leta waliokuwepo. Muulize pia leseni yake. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni, na Benki Kuu inapokea malalamiko ya wakopaji.

Hata akikushinda kwa deni lisilo na rehani, nyumba unayoishi na familia yako haikamatwi kukazia hukumu, yaani kuuzwa ili deni lilipwe. Vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na zana za fundi pia vimelindwa. Polisi hawakusanyi madeni. Ila ukipuuza amri ya mahakama huku una uwezo wa kulipa, kifungo cha madai, yaani jela kwa kutolipa deni, kipo.

Mdhamini asijifariji. Ulipomsainia shemeji, uliingia kwenye deni lake lote.

Kufilisika kwa hiari kupitia Mahakama Kuu kupo kisheria, lakini kwa madeni ya ukubwa tunaouona mwaloni ni nyundo ya kuulia mbu.

Mama wa Kibirizi hakufika barazani. Benki ilipoona picha mbili za wake wawili zikiwa pamoja mezani, ilisogeza marejesho hadi miezi 18, na safari hii mke wa nyumbani ndiye aliyesaini. Aliuliza kwanza tarehe ya malipo iwekwe lini. Ikawekwa tarehe 25, kisha akauliza kama benki inajua mwezi huandama lini.