Uvuguvugu wa kiroho: maana yake, na kwa nini ni vigumu kuutambua

Maji ya uvuguvugu kila mama anayajua: ni ya kumwogeshea mtoto mchanga au ya kuchanganyia hamira. Unachovya kiwiko, hayaunguzi wala hayashtui. Nyumbani ni maji mazuri kabisa, lakini likiingia kanisani neno hilo linageuka lawama. "Ndugu yule siku hizi ni vuguvugu," watu husema, na hapo hapo inaeleweka kwamba amepoa.

Kiswahili nacho kina utani wake, maana vuguvugu ni msukosuko na harakati pia. Walioyaona mageuzi ya vyama vingi mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanalikumbuka "vuguvugu la mageuzi", na halikuwa limepoa hata kidogo. Hapa tunazungumzia lile la mchungaji, si la mwanasiasa.

Chanzo chake ni Ufunuo 3:14-22, barua ya Kristo kwa kanisa la Laodikia, mji uliokuwa katika bonde la mto Lycus, magharibi mwa Uturuki ya leo. Barua inasema: "Basi, kwa sababu una uvuguvugu, wala hu baridi wala moto, nitakutapika utoke katika kinywa changu." Mahubiri mengi huufafanua mstari huu kirahisi: moto ni mwamini mwenye bidii, baridi ni asiyeamini, vuguvugu ni wa katikati. Shida ni kwamba mstari wa 15 unasema ingekuwa heri kama wangekuwa baridi au moto. Je, Kristo anatamani mtu asiamini kabisa? Wapo wanaojibu ndiyo, kwa hoja kwamba aliye baridi angalau anajua yuko nje. Mimi jibu hilo halijanikolea.

Wachambuzi wengi hutazama majirani wa mji huo. Kaskazini, kama kilomita 10 hivi, ulikuwepo Hierapoli, wenye chemchemi za maji moto ambayo watu waliyaendea kwa matibabu. Hata leo watalii wanafurika pale, panapoitwa sasa Pamukkale. Upande wa kusini-mashariki ulikuwepo Kolosai, uliosifika kwa maji baridi ya mlimani. Miji yote mitatu inatajwa pamoja katika waraka wa Paulo kwa Wakolosai, mlango wa 4, kwa hiyo Wakristo wake walifahamiana. Laodikia wenyewe ulivuta maji kwa mabomba kutoka mbali, nayo, wasema wachambuzi hao, yalifika yakiwa vuguvugu; mabomba yaliyofukuliwa yamekutwa yameziba kwa chokaa. Si wasomi wote wanaokubali kwamba barua ilikuwa na maji hayo akilini, lakini ukiisoma hivyo fundo linafunguka: ya moto yanatibu, ya baridi yanaburudisha, na yote mawili yana kazi. Vuguvugu ndilo lisilomfaa mgonjwa wala mwenye kiu.

(Kwetu Tanzania mfano huu unahitaji uangalifu. Ukiagiza soda ukaulizwa "baridi au moto?", hiyo ya moto ni ile ambayo haikuingia kwenye friji. Mhubiri akiusahau msamiati wa mgahawani, nusu ya vijana watacheka.)

Ukikubali usomaji huo, kipimo cha joto la kiroho hakiwi tena sauti. Mtu anaweza kupiga kelele mkesha mzima, spika zikatetemesha mabati, na bado akawa vuguvugu. Mwingine anasali kimyakimya, haonekani ametokwa na jasho, lakini jirani akifiwa ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka.

Kiini cha ugonjwa kiko mstari wa 17: "Kwa kuwa wasema, Mimi ni tajiri, nimejitajirisha, wala sina haja ya kitu." Maneno hayo yaliwafaa sana wenyeji wa Laodikia. Mji ulikuwa na fedha na ulisifika kwa sufu nyeusi. Tetemeko lilipoubomoa mwaka 60 BK, mwanahistoria Mroma Tacitus anaandika kwamba ulijijenga upya kwa mali yake bila msaada wa Roma. Kwa mji ni jambo la kujivunia. Kanisa lake likaiga tabia hiyo hiyo mbele za Mungu, nalo likaambiwa ni maskini, kipofu na uchi. Uvuguvugu, basi, si uchovu wala uhaba wa hisia. Ni kutosheka. Na aliyetosheka hakui, kwa kuwa haombi kitu, haulizi, hakosoleki.

Ndiyo maana tusiuchanganye na ukavu. Mkavu anaomba na haoni kitu, lakini kiu anayo, Zaburi ya 63 iliimbwa na mtu aliyejiona yuko "katika nchi kame na uchovu, isiyo na maji." Barua za Mama Teresa wa Kolkata zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa miongo mingi hakuhisi uwepo wa Mungu, na bado aliamka kila siku kuwahudumia wanaokufa. Kumwita mtu kama huyo vuguvugu ni kumtwisha mzigo asiostahili. Kurudi nyuma nako ni jambo jingine: aliyerudi nyuma ameondoka, na kiti chake kitupu kinaonekana. Vuguvugu yupo kila Jumapili. Yuko kwaya, zaka ametoa, risiti anayo.

Hapa Afrika Mashariki jambo hili lilipata jibu lenye historia. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church aliyefanya kazi Gahini, Rwanda, walikutana Kampala wakasoma Biblia na kuomba pamoja, kila mmoja akihisi amepungukiwa. Kanisa la Uganda lilikuwa limetimiza miaka 50 tu na waumini walikuwa wengi. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikufa Januari 1936 akiwa ameandaa hoja za kupeleka sinodi, mkutano mkuu wa kanisa, mojawapo ikiuliza kwa nini kanisa limepoa. Uamsho ulioenea kutoka huko ukafika Kenya, Tanganyika na Burundi, na watu wake wakaitwa Balokole, waliookoka.

Dawa yao waliiita kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Kila wiki walikusanyika, na mtu alisimama akasema kosa lake kwa jina. Hakusema "sisi sote ni wenye dhambi", alisema niliiba, nilimdanganya fulani, namchukia ndugu yangu. Aliyeiba alirudisha. Mtu akizoea kutaja hitaji lake hadharani hivyo, ile "sina haja ya kitu" haipati pa kukaa. Njia hiyo ilikuwa na hatari zake: wapo walioungama ya wenzao badala ya yao, na wapo waliogeuza ushuhuda kuwa kanuni za mavazi. Baadaye, Uganda, wengine waliona hata waliookoka wamesinzia, likatokea kundi lililojulikana kama Bazukufu, waliozinduka tena. Uvuguvugu haujali wewe ni wa dhehebu gani.

Barua yenyewe inamalizia na picha ya mlango: "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha." Mstari huu tumeuzoea kwenye mikutano ya injili ukielekezwa kwa wasioamini, ilhali uliandikiwa kanisa. Anayepiga hodi nje ni Bwana wa kanisa hilo. Barua ni ya wote, ila ahadi inamlenga mmoja, "mtu akiisikia sauti yangu na kuufungua mlango". Hakuna anayelazimika kusubiri baraza la wazee likubaliane. Na anachoahidi akiingia ni kula pamoja naye. Neno la Kigiriki lililotumika pale ni la mlo wa jioni, ule mkubwa wa siku, ambao watu waliula wametulia, bila haraka.