Mashine Ilisaidia, Lakini Mtunzi Ni Nani?

Tangu programu za akili mnemba zienee kwenye simu, lalamiko moja linatufikia kila mara sisi tunaosajili hakimiliki: "Wimbo nimeutengeneza mwenyewe kwa programu, mbona mnanihoji kama mwizi?" Hatumshuku mtu. Hakimiliki hufuata akili ya binadamu, na fomu ya usajili peke yake haionyeshi ni akili ya nani iliyofanya kazi.

Wapo wanaotuuliza kama mashine ina fahamu. Swali hilo ni zito na wanafalsafa wana haki ya kulichambua, lakini haliamui ombi lako. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamtafuta mtu. Kifungu cha 2 kinasema kuwa kazi ya fasihi, muziki au sanaa ikizalishwa na kompyuta, mtunzi wake ni yule aliyefanya matayarisho yaliyohitajika ili kazi hiyo iundwe. Wengi husoma hapo wakafunga kitabu. Tafadhali msifunge! Kifungu cha 22 kinadai pia juhudi za kutosha kuipa kazi upekee wake, na kazi yenyewe iwe imeandikwa, imerekodiwa au imewekwa katika umbo linaloonekana. Anayeandika sentensi moja, akabonyeza na kupokea picha, atapata taabu kuthibitisha juhudi hizo.

Wanaouza kazi zao Marekani wawe waangalifu zaidi. Jason Allen alishinda tuzo ya sanaa ya dijitali katika maonyesho ya jimbo la Colorado mwaka 2022 kwa picha aliyoizalisha kwa Midjourney, programu ya akili mnemba inayotengeneza picha. Alisema aliipa programu maelekezo yasiyopungua 624. Ofisi ya hakimiliki ya huko ilimtaka aziondoe katika dai lake sehemu zilizotengenezwa na mashine. Akakataa, naye akanyimwa usajili mwaka 2023. Stephen Thaler, aliyeitaja mashine yake kuwa mtunzi, alishindwa mahakamani mwaka huohuo, na rufaa yake ikagonga mwamba Machi 2025. Kitabu kimoja cha katuni nacho kilibakiziwa ulinzi wa maandishi na mpangilio wake tu. Picha zake za Midjourney hazikulindwa. Huko, anayetoa maelezo ya uongo kwa makusudi kuhusu jambo la msingi katika ombi la usajili anaweza kutozwa faini ya hadi dola 2,500, na usajili wenyewe unaweza kukosa nguvu mahakamani.

Kwa hiyo tunza ushahidi wa mkono wako. Hifadhi rasimu ya kwanza, hata yenye makosa. Hifadhi rekodi ya sauti uliyoimba kabla ya programu kuongeza ala. Weka tarehe kwenye kila faili, usifute toleo la zamani unapohifadhi jipya, na maelekezo uliyoiandikia mashine yaweke kando na maneno uliyotunga wewe. Katika maelezo ya kazi sema wazi: mashairi ni yangu, ala zimezalishwa na programu, mpangilio nimeufanya mimi. Mistari mitatu ya ukweli inatosha.

Na hili tumelisema hadi tumechoka: cheti cha usajili hakizai haki. Haki huzaliwa kazi inapowekwa katika umbo lake, na kwa kazi ya fasihi, muziki au sanaa hudumu hadi miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Cheti ni ushahidi tu. Hakimkingi aliyemwamuru roboti anakili kibao cha mwenzake kisha akakiuza. Huyo anaweza kukabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili, na kusema "ni programu iliyofanya" si utetezi.

Kinachonisikitisha ni watunzi wazuri wanaoficha jasho lao wenyewe. Mtu ameandika beti kwa miezi, kisha anajaza fomu kana kwamba kila kitu kimetoka sehemu moja, kwa kuogopa kwamba akiitaja mashine atanyimwa yote. Hanyimwi alichotunga. Kama umeshasajili bila kutaja sehemu za mashine, leta nambari ya cheti, nakala ya kazi na rasimu ulizonazo, ueleze kipi ni chako. Ni rahisi zaidi kurekebisha maelezo hayo kabla mtu mwingine hajaja na dai lake.