Shilingi kwa ya pili

Watu husema fulani na nduguye "wamefanana kama shilingi kwa ya pili." Mimi nafundisha jiometri, na msemo huu hunitekenya kila mara. Shilingi mbili hazifanani tu, zinalingana: weka moja juu ya nyingine uone kama kuna ukingo unaochomoza.

Darasani nayatenga maneno hayo mawili. (Ile "kulingana na ripoti" tuwaachie watangazaji.) Maumbo yanalingana iwapo moja laweza kusogezwa, kuzungushwa au kupinduliwa likalifunika jingine sawasawa. Yanafanana iwapo pembe zake ni zilezile na kila upande umezidishwa kwa namba ileile. Namba hiyo ikiwa 1, yanalingana pia. Kwa hiyo kila yanayolingana yanafanana, ila kinyume chake si lazima.

Chukua karatasi ya A3, milimita 297 kwa 420, uikate katikati ya upande mrefu. Utapata A4 mbili, kila moja 210 kwa 297. Hizo mbili zinalingana. A4 na A3 zinafanana, kwa sababu zote urefu wake ni upana mara kipeuo cha pili cha 2, ukiacha vipande vya milimita. Ndiyo maana mwenye fotokopi hubonyeza asilimia 71 na A3 ikaenea kwenye A4 bila maandishi kukatwa. Eneo, hata hivyo, limebaki nusu: 0.71 mara 0.71. Hapo wanafunzi hubisha mpaka tupime kwa rula.

Kisha huwapa mtego ninaoupenda. Pembetatu mbili zina pembe tatu sawa na pande mbili sawa, jumla vitu vitano kati ya sita. Je, zinalingana? Darasa zima hujibu ndiyo.

Chora moja yenye pande 8, 12 na 18, nyingine 12, 18 na 27. Zidisha zile za kwanza kwa 1.5, unapata za pili, hivyo pembe zote ni zilezile. Zote zina 12, zote zina 18. Lakini 12 ni upande wa kati katika ya kwanza na upande mfupi kabisa katika ya pili, kwa hiyo haitazami pembe ileile. Ya pili ni kubwa tu.