Bati linalovuja bila mvua: dhana potofu kuhusu kuezeka nyumba za milimani

Mama yangu mkubwa anaishi Makete, upande wa kwenda Kitulo. Mwaka mmoja, katikati ya kipupwe, alinipigia simu: "Mwanangu, bati langu linavuja na mvua hakuna." Alikuwa amekwisha kumwita fundi mara mbili. Mara ya kwanza fundi aliziba misumari kwa lami, mara ya pili akabadilisha mabati mawili. Kukicha, matone yakawa bado yanadondoka kitandani.

Bati lile halikuwa na tundu hata moja. Dhana inayotutia hasara kuliko zote huku Nyanda za Juu Kusini ni kwamba kila tone linalotoka kwenye bati limeingia kutoka nje. Usiku anga likiwa jeupe bila wingu, bati hupoteza joto upesi mpaka linakuwa baridi kuliko hewa iliyo chini yake. Ndani nako watu wanapumua, maharage yanachemka, nguo mbichi zimeanikwa jikoni, na madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Mvuke wote huo hupanda, hugusa bati, hugeuka maji, kama unavyoona ukifunua sufuria ya wali.

Wengine wakishaelewa hivyo hukimbilia kupiga dari, wakidhani kazi imekwisha. Dari linasaidia, lakini ukilipiga bila njia ya hewa unyevu unafungiwa juu, na miaka ikipita kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zinaoza bila mtu kuziona. Acha matundu yenye wavu chini ya kingo za paa, na upenyo chini ya kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa, hewa iingie huku na kutokea kule. Ukiwa ndiyo kwanza unaezeka, tandaza nailoni maalumu ya paa chini ya mabati, ilegee kidogo, iyapeleke matone hadi kwenye gata. Kwa mama mkubwa tulitoboa matundu na kuongeza dirisha dogo la juu jikoni. Hatukugusa bati.

Dhana ya pili nimeisikia mara nyingi dukani: geji, yaani kipimo cha unene wa bati, ikiwa ya namba kubwa ndiyo bati nene. Ni kinyume chake. Geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Unene unafaa mahali penye mvua ya mawe, kama wanavyojua wenzetu wa Kericho na Nandi kule Kenya, na unafaa fundi anapokanyaga juu. Ila usidhani bati nene peke yake litashinda upepo. Nimeona paa limelala shambani, mabati bado yameng'ang'ania papi zake, mbao yalikopigiliwa, vizuri kabisa. Kilichoachia ni kenchi kwenye ukuta.

Upepo ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na paa lililolala sana huvutwa zaidi kuliko lenye mteremko wa wastani. Kwa hiyo wanaojenga paa bapa ili "upepo upite" wanajitakia shida. Kingo pana za baraza nazo hubebwa kutoka chini. Kenchi zifungwe kwa chuma bapa au waya nene uliozamishwa kwenye lenta, mkanda wa zege wa juu ya ukuta, kabla zege halijamwagwa. Baadaye ni kubahatisha tu. Anza kuezeka kutoka upande ambao upepo unaelekea, ukirudi kule unakotokea, ili mdomo wa kila mlalio wa bati juu ya bati uupe upepo mgongo. Kwenye kingo na kofia, misumari ikaribiane.

Tukuyu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na huko nimekuta dhana nyingine: bati jipya halishiki kutu kabla ya kupauliwa. Mtu ananunua mabati kidogo kidogo, anayapanga chini, anayafunika turubai. Maji yakijipenyeza kati ya bati na bati, zinki inayolifunika bati inakosa hewa na inafanya unga mweupe. Hiyo ni kutu tayari. Yapange juu ya mbao, upande mmoja uinuke, hewa ipite.

Na bati la rangi? Watu huamini halishiki kutu kamwe. Fundi akilikata kwa grinda, joto linaunguza rangi na zinki ukingoni, cheche zinatua juu ya bati na kuacha vidoa vya kutu. Mwambie atumie mkasi wa bati, na afagie mabaki ya chuma siku hiyohiyo. Mbao za kijani zilizotiwa dawa yenye shaba zisiguse bati zikiwa bado na unyevu, zitalila.

Kuhusu radi, bati haliiti radi. Radi hufuata kimo na mahali nyumba ilipo, na paa la nyasi ndilo linalowaka. Lakini bati si kinga. Kinga ni mfumo wenye waya uliofika ardhini. Na ushauri wa mapaa yenye mteremko mkali unaotoka nchi za theluji usikusumbue: huku kwetu tunapata jalidi tu, nayo haina uzito.

Nimeacha mbao mwisho, kwa sababu ndizo zinazodharauliwa. Tunaishi karibu na msitu wa kupandwa wa Sao Hill na mashamba ya misindano ya Njombe, basi tunanunua mbao zikiwa bado zinatoka maji na kupigilia wiki hiyohiyo, tukidhani zitakaukia hukohuko juu. Zinakauka kweli, lakini zinapinda na kusinyaa, msumari unalegea, mpira wake unaachana na bati. Zipange kivulini kwa vipande vya kuzitenganisha, zikae hadi zikauke. La sivyo, masika yakifika, tone litakalodondoka kitandani litakuwa la mvua kweli.