Tambi za mayai: yai lililomo ni kiasi gani?

Wazazi wenye watoto wasumbufu wa kula hutuuliza sana sisi wa lishe swali hili: nikimpikia mtoto tambi za mayai, nihesabu kwamba amekula yai? Jibu fupi ni kwamba amelionja tu. Jibu refu linataka hesabu kidogo.

Tuanze na kile kinachoruhusiwa kubeba jina hilo. Nchini Italia, sheria inataka kila kilo moja ya semolina, yaani unga wa chengachenga wa ngano ngumu, ichanganywe na mayai yasiyopungua manne, yenye uzito wa angalau gramu 200 bila maganda. Marekani wanapima kwa njia nyingine: kile kinachobaki yai likishaondolewa maji kisipungue asilimia 5.5 ya uzito wa tambi. Vipimo hivyo viwili vinakaribiana, kwa sababu yai lenyewe robo tatu ni maji. Gramu 200 za yai zikikauka hubaki gramu 50 hivi, tena zimetawanyika ndani ya kilo nzima ya tambi na ushei.

Sasa pima sahani ya mtu mzima, gramu 80 za tambi kavu. Kwa kipimo cha Italia, humo mna takriban gramu 15 za yai. Yai moja la kuku bila ganda lina kama gramu 50. Mlaji hajafikisha hata theluthi ya yai. Mtoto anayekula nusu ya sahani hiyo amepata yai la kujaza kijiko kimoja na nusu cha chai.

Simkatazi mtu kuzinunua. Ni chakula kizuri, na ladha yake mimi mwenyewe naipenda kuliko ya tambi za kawaida. Ninachopinga ni ile picha ya yai kwenye pakiti kumfanya mpishi aone protini ya mlo imeshapatikana.

Tazama takwimu. Gramu 100 za tambi kavu za mayai zina kilokalori 384 hivi, protini gramu 14, mafuta gramu 4.4 na wanga gramu 71. Tambi kavu za ngano na maji pekee zina kilokalori 371, protini gramu 13, mafuta gramu 1.5 na wanga gramu 75. Tofauti ya protini ni gramu moja. Zote mbili ni vyakula vya wanga, na hivyo ndivyo zinavyopaswa kupangwa mezani. Jihadhari pia usichanganye takwimu za tambi kavu na za zilizopikwa: tambi hunyonya maji zinapochemka, kwa hiyo gramu 100 za tambi za mayai zilizoiva zina kilokalori 138 tu na protini gramu 4.5. Anayepima zilizoiva kisha akasoma takwimu za pakiti kavu atajidanganya karibu mara tatu.

Hata hivyo, yai hilo dogo lina kazi yake, na kazi hiyo inaonekana zaidi katika ubora wa protini kuliko wingi wake. Protini ya ngano ina uhaba wa lisini, mojawapo ya asidi amino, yaani vipande vinavyounda protini, ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Gramu 100 za protini ya ngano zina lisini ya gramu 2.5 hivi, wakati za protini ya yai zina kama gramu 7. Mwili unapojenga misuli na kuponya jeraha, ile asidi amino iliyopungua ndiyo inayoamua protini iliyobaki itatumika kwa kiasi gani. Kwa hiyo hata yai kidogo linaipandisha thamani protini ya ngano. Maharage, samaki, nyama au jibini vikiliwa pamoja na tambi hufanya vivyo hivyo, tena kwa nguvu zaidi.

Kiini nacho huleta vitamini A, D na B12, pamoja na kolini ambayo ubongo na ini huihitaji. Yai zima lina kolini ya takriban miligramu 150. Mwanamke mtu mzima anashauriwa apate 425 kwa siku, mwanamume 550. Sahani yetu ya gramu 80 itachangia miligramu 45 hivi. Si haba, lakini si ya kutegemewa.

Wenye hofu ya kolesteroli wapumue kidogo. Gramu 100 za tambi kavu za mayai zina miligramu 84 hivi, chini ya nusu ya ile iliyomo katika yai moja. Kwa watu wengi, mafuta yaliyoganda ya siagi, krimu na jibini ndiyo hupandisha zaidi kolesteroli ya damu, kwa hiyo mchuzi uchunguzwe kabla ya tambi zenyewe. Mwenye kisukari au kolesteroli ya kurithi afuate ushauri wa daktari wake.

Rangi isikudanganye. Ngano ngumu ina umanjano wake wa asili, na baadhi ya watengenezaji huongeza bizari ya manjano au rangi nyingine. Geuza pakiti usome orodha ya viambato, ambayo kwa kawaida hupangwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito. Mara nyingi asilimia ya yai huandikwa hapohapo. Wala usizichanganye na zile tambi za dakika mbili zenye kifuko cha viungo. Nyingi kati ya hizo zimekwisha kukaangwa kiwandani, na baadhi ya pakiti zina chumvi inayokaribia gramu 5, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asikifikie kwa siku nzima.

Anayetaka yai la kweli ndani ya tambi azikande nyumbani. Kipimo cha kawaida ni yai moja kwa gramu 100 za unga: kanda mpaka donge liwe laini, lifunike, liache nusu saa, kisha sukuma na ukate. Hapo kila sahani ina yai zima, yaani protini ya gramu 6 hivi juu ya ile ya unga. Ila tambi hizo mbichi ni chakula cha kuharibika. Yai bichi linaweza kubeba bakteria wa salmonela, na unga mbichi nao si salama, kwa hiyo watoto wasilambe donge. Zisianikwe jikoni kutwa nzima. Zipikwe siku hiyo, au ziwekwe kwenye friji na kuliwa ndani ya siku moja au mbili.

Kuchemsha huua bakteria lakini hakumlindi mwenye mzio wa yai, ambao ni miongoni mwa mizio ya chakula inayowapata watoto zaidi. Mtoto wa namna hiyo asipewe tambi hizi hata kidogo, na hata za ngano pekee zikaguliwe lebo, kwani viwanda vingine hutumia mashine zilezile kwa aina zote mbili. Mwenye siliaki, ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano, huudhuru utumbo, aziepuke zote, kwa sababu gluteni iko kwenye ngano yenyewe.