Mtoto mwenye usonji asome wapi: shule maalumu, kitengo au darasa jumuishi?

Mzazi akishaambiwa hospitali kwamba mtoto ana usonji, yaani autism, swali linalofuata ni shule, na mtaani majibu yako mengi kweli, huyu anakwambia mpeleke shule maalumu atapata wenzake, yule anakwambia usimtenge mtoto jamani, mpeleke kawaida akiona wenzake wanaongea na yeye ataongea. Wote wawili wanajibu kabla hawajamjua mtoto mwenyewe.

Kwa hapa Tanzania mazingira ya shule yako ya aina tatu hivi. Shule maalumu ni shule nzima ya watoto wenye mahitaji maalumu, na nyingine zina bweni. Kitengo ni darasa au madarasa maalumu yaliyo ndani ya shule ya msingi ya kawaida, watoto wana walimu wao na chumba chao, ila geti ni moja, uwanja ni mmoja na wakati wa mapumziko wanachanganyika. Msimbazi Mseto pale Ilala, Dar, ni mfano unaojulikana, shule ya msingi ya serikali yenye kitengo cha watoto wenye usonji. Halafu kuna darasa jumuishi, hapa mtoto anakaa na wenzake wa rika lake na masomo ni yaleyale, lakini mwalimu na shule wanabadilisha namna ya kufundisha ili na yeye apate.

Hapo kwenye jumuishi ndo wengi tunachanganya. Mtoto kukalishwa nyuma kwenye darasa la watoto 90 na mwalimu ambaye hajawahi kuambiwa usonji ni nini, hiyo sio elimu jumuishi, huyo mtoto anahudhuria tu. Ukiingia darasa lililo jumuishi kweli utaona kwa macho, kwa mfano ratiba ya picha imebandikwa ukutani karibu na dawati la mtoto, kadi ya kitabu, kadi ya kikombe cha uji, ya choo, ya mpira, ya mwisho ina begi la kwenda nyumbani, kila jambo likiisha mtoto anageuza kadi mwenyewe kwa hiyo anajua kinachofuata na hashtukizwi. Utaona kona tulivu ya kukaa akizidiwa, utasikia mwalimu anatoa maelekezo mafupi moja moja badala ya matano kwa pamoja. Na mtoto awe na mpango wake wa kujifunza ulioandikwa, muhula huu tunataka afike wapi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu, na serikali ilitoa mkakati wa elimu jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26, kwa hiyo mwalimu mkuu akikwambia "hawa hatuchukui" bila hata kumwona mtoto, usikubali haraka, nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri yako. Walimu waliosomea haya mambo wapo, chuo cha Patandi kule Arusha kinawafundisha, shida ni kwamba hawatoshi na wengi wako kwenye vitengo, darasa la kawaida mara nyingi halina hata mmoja.

Sasa mtoto mwenyewe. Kuna mtoto wa miaka saba anasoma kila bango barabarani na anaweza kukutajia vituo vya mwendokasi kuanzia Kimara mpaka Kivukoni bila kuruka hata kimoja, ila asubuhi ngoma za paredi zikianza anaziba masikio na kulala chini, na ile kengele ya rimu ya gari ikigongwa karibu yake siku nzima imeharibika. Huyu masomo ya darasa la kawaida anayaweza, kinachomwangusha ni kelele na msongamano, shule ikikubali aingie darasani moja kwa moja bila kupita mstarini na akae mbali na kengele, anasoma vizuri tu. Na kuna mwingine haongei kabisa, bado anavaa pampasi, akitaka maji anakuvuta mkono, huyu kwanza anahitaji mtu wa kumfundisha kuomba kwa picha au ishara, kwenda choo, kula mwenyewe, na hayo mwalimu mwenye watoto 90 hawezi hata kama ana moyo wa dhahabu, kitengo chenye watoto wachache kitamsaidia zaidi. Wote wana usonji. Ndo maana mimi huwa nasema usiulize shule ipi nzuri kwa watoto wenye usonji, uliza mtoto wangu anakwama wapi halafu utafute shule inayoweza kumsaidia hapo.

Kuna kitu kuhusu vitengo ujue mapema, vingi vilianza kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili na mpaka leo wanakaa darasa moja na wenye usonji. Kuna watoto wenye usonji wenye akili ya darasani kubwa tu, wakikaa miaka na miaka wanapaka rangi na kutunga shanga wanachoka na wanaanza fujo, halafu fujo ile inaandikwa kuwa ndo ugonjwa wao. Muulize mwalimu, mtoto akiweza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, huwa anahamia darasa la kawaida? Kuna aliyewahi kuhamia?

Kwa wenzetu Kenya mtoto anapitia kwanza kituo cha upimaji, wanaviita EARC, ndipo apendekezewe shule, na mtaala wao wa umahiri una njia ya pili, mtoto anapanda hatua kwa hatua kwa uwezo wake, kwa wasioweza masomo ya kawaida. Huku kwetu mara nyingi mzazi ndo anazunguka mwenyewe.

Ukizunguka, usiishie ofisini. Omba kwenda saa nne wakati wa uji, simama pembeni uangalie, watoto wa kitengo wanacheza na wenzao au wamefungiwa? Nani anawapeleka choo? Geti linafungwa? Maana watoto wetu wengi wakipata upenyo wanatoka mbio na barabara iko palepale. Muulize mwalimu akizidiwa na mtoto anafanyaje, na kama kuna fimbo mezani uliza ya nini. Mtoto asiyeweza kusema kilichompata nisingempeleka bweni akiwa mdogo, hilo nalisema wazi, hata kama shule ni nzuri kiasi gani.

Shule za binafsi nyingine zinakupokea vizuri mwezi wa kwanza, ikifika wa pili unapigiwa simu kila siku saa tano asubuhi njoo umchukue, na ada umeshalipa. Nyingine zinakutaka ulete shado ticha, yaani mtu wa kukaa na mtoto wako darasani amsaidie, na mshahara wake ulipe wewe, hiyo inasaidia kama mtu huyo amefundishwa kazi, kama ni dada wa kazi amevalishwa tu tisheti ya shule basi mtoto atakuwa anafanyiwa kila kitu na hatojifunza. Haya yote ulizia kabla hujalipa na mkubaliane kwa maandishi.

Na uamuzi huu sio wa milele. Mpe mtoto muhula mmoja azoee, huwa kuna vilio vya mwanzo, hiyo kawaida. Ila kama alikuwa anajua choo na sasa anajikojolea, anajipiga kichwa ukutani, halali, akiona tu yunifomu anakimbilia chini ya kitanda na hali haipungui wiki hata wiki, keti na mwalimu muangalie nini kibadilike, kisipobadilika anza mapema kufuatilia uhamisho, pitia kwa mwalimu mkuu na yule afisa elimu maalumu, na uende na ripoti za hospitali pamoja na daftari la maendeleo yake ili shule mpya isianze upya.